Mwaka Tuliokataa Kumla Mama Karwitha

Jeneza la Mama Karwitha nililitengeneza mimi mwenyewe. Nina mafundi kumi na wanne, wengine wana vyeti vya chuo, lakini siku ile niliwaambia wakae kando, nikavua koti, nikapiga randa kwa mkono huku mashine zangu zimenyamaza ukutani. Ni mbao ya muuru, mti wetu wa huku, mgumu mpaka msumari unaukataa, na kwenye pembe sikutia msumari hata mmoja. Mchungaji alipokuwa akihubiri niliwaangalia watu, nikaona macho yanarudi kwenye zile pembe. Sijisifu, nasema kilichokuwa. Mtu aliyeacha shule darasa la sita, leo ana karakana tatu, moja inatazamana na uwanja wa Kinoru mjini Meru, nyingine iko Maua, huyo hana haja ya kujisifu. Baada ya maziko watu wakapanga mstari wa chakula, na hapo ndipo nilipomwona mwanamke wa miwani, mvi zimeanza, amesimama nyuma ya jiko la nje akila wali upesi upesi kama mtu aliyezoea kula kati ya vipindi viwili. Nilimjua kabla hajageuka. Wawira wa Embu. Miaka ishirini na zaidi, na hakunisalimu hata.

"Fundi, zile pembe zilikuchukua muda gani?"

"Siku mbili."

"Zinaonekana siku tatu."

Mimi nimesifiwa na wakubwa wa magari ya bendera, nimepewa makofi harambee baada ya harambee, lakini hakuna sifa iliyonikaa kama hiyo. Kutoka kwa Wawira, siku tatu ni nishani. Tulivuta benchi tukakaa, sahani mapajani, na waliotupita walidhani tunamlilia marehemu kwa sauti ya chini. Kumbe tulikuwa tunabishana ni nani aliyemla Mama Karwitha mara ya kwanza. Yeye anasema ni Makena. Mimi nasema ni Mutwiri, na najua nasema kweli, kwa sababu kuliwa huko kulikaribia kuharibu kila kitu, na aliyeharibu nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nchiru wakati huo ilikuwa vyumba vya kupanga, vibanda vya chapati na wanafunzi wa chuo wasio na vitanda, na mimi nilikuwa mtu wa vitanda. Nilikuwa na kibanda cha mabati kando ya nyumba za Mama Karwitha, msumeno mmoja, randa moja, na chumba cha tatu kwenye ule mstari wa vyumba vyake tisa. Wawira alikaa chumba cha saba. Alikuwa anasomea ualimu, mwaka wa mwisho, msichana mwembamba mwenye daftari la jalada gumu ambalo hakuliacha hata akienda kuchota maji. Siku moja mwezi wa pili akaja kibandani akasimama juu ya maranda, akaniambia anataka mabaki ya mbao na anataka nimchongee zimwi. Nikamwuliza, zimwi la namna gani? Akasema, "La kuogopwa na mtu mzima." Basi nikamchongea. Nilichonga kitu kama simba mwenye pembe, kazi safi sana, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Akaigeuzageuza mkononi, akaniambia, "Hili linaweza kufugwa." La pili akasema limeshiba. La tatu akasema linafanana na mwalimu wake wa jiografia, na mwalimu mwenyewe ni mtu mpole. Hakuna mteja aliyewahi kunirudishia kazi mara tatu, wala hajatokea mwingine tangu siku hiyo. Nilikasirika, nikakaa chini nikakumbuka hadithi za irimu tulizosimuliwa tukiwa wadogo, lile jitu ambalo mbele ni kijana mzuri wa kuoa, na kisogoni, chini ya nywele, lina mdomo wa pili wa kulia nzi na watu. Nikachonga hivyo. Mbele uso wa mtu tu, tena anayetabasamu. Wawira akalipokea, akalitazama, akaanza kusema, "Lakini hili ni mtu," na kidole chake kikateleza nyuma kikaingia kwenye meno. Akaliangusha. Akaliokota kwenye maranda akicheka. "Hili sasa, Kirimi. Hili hata mimi naliogopa."

Mchezo wenyewe ulikuwa wake, na nitausema kwa kifupi ili mtu asipotee. Ubao, ambao niliukata mimi, ulichorwa mteremko wa mlima wetu: mto, msitu, soko, kanisa, mashamba, na vijia kati yake. Watu wanne wanatoka sokoni kurudi nyumbani: mchunga mbuzi, mwalimu, mchuuzi na nyanya. Mchezaji wa tano ndiye irimu, anatokea msituni. Irimu likimfikia mtu njiani, linamla, na aliyeliwa anakaa kando anatazama wenzake. Wa kwanza kufika nyumbani ameshinda, wakiliwa wote irimu limeshinda. Nyanya alikuwa anatembea polepole kuliko wote, kwa hiyo Wawira alimpa fimbo ya kulifukuza irimu mara mbili, na njia ya mkato kupitia shamba la migomba. Nilimwuliza kwa nini mtu anayesomea ualimu anapoteza Jumamosi zake na majitu. Akaniambia alipopelekwa kufundisha kwa majaribio, kulikuwa na watoto ambao hawakufungua mdomo muhula mzima, mpaka siku moja alipowachorea zimwi ubaoni akawauliza watatorokaje. "Waliongea wote kwa wakati mmoja," akasema. "Sasa mwezi wa kumi na mbili nitapelekwa shule, sijui wapi, na nikienda bila kumaliza huu mchezo, Kirimi, sitaumaliza tena. Najijua." Kulikuwa na mtu Embu mjini, Bwana Njeru, aliyekuwa na kiwanda cha kupiga chapa chati za shule. Alikuwa amemwambia alete mchezo mwezi wa nane. Akiupenda, atauchapa. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, na alikuwa nayo moja.

Mahali pa kuujaribu palikuwa sebule ya Mama Karwitha, kwa sababu ndiko kulikokuwa na meza. Naiona sebule ile kuliko ninavyoiona yangu ya leo, ambayo ina viti vya ngozi. Vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye kila mgongo wa kiti, kalenda tatu za miaka iliyopita kwa sababu picha zake zilikuwa nzuri, redio iliyofunikwa kama mtoto mgonjwa, na harufu ya maziwa yanayochemka jikoni. Mama alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mzee wa kanisa, mkubwa wa mwili na mwenye magoti mabaya, na kila Jumamosi mchana, na Jumapili baada ya ibada, alituwekea mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa, au nduma na chai, au githeri ya mahindi na maharagwe yenye parachichi juu. Siku ya kwanza tulimletea dadu. Akaziangalia juu ya miwani. "Hizo ni za kamari. Haziwezi kutupwa kwenye meza hii, Biblia inakaa hapa." Wawira hakubishana. Aliingia jikoni, akatoka na punje sita za mahindi, akazichoma upande mmoja kwenye jiko, akazitupa mezani, na idadi ya zilizoonyesha upande mweusi ndiyo hatua zako. Mama akatazama. "Hiyo ni chakula," akasema. "Chakula hakina dhambi. Mimi nitakuwa nyanya."

Na hakuwahi kuwa mwingine. Mutwiri, kijana mmoja wa chumba cha pili mwenye sauti kama ngoma, alikuwa irimu. Makena, rafiki yake Wawira, alikuwa mchuuzi, na nafasi zilizobaki zilijazwa na mpangaji yeyote aliyenusa chai. Mimi na Wawira hatukucheza. Hiyo ilikuwa sheria yake, na ndiyo shule niliyosoma maishani. "Mwenye mchezo hasemi," aliniambia. "Nikishauchapa, sitakuwa ndani ya kila sanduku kueleza watu. Wakikosea, wakosee." Alikaa pembeni na daftari, na aliandika mambo ambayo mimi nisingeona hata ungenilipa. Aliandika ni nani amenyoosha mkono kuchukua chai na ilikuwa zamu ya nani. Aliandika ni nani ametazama mlango. Mchezo ukiisha hakuuliza, je, mmependa? Alisema huku kwetu ukimwuliza mtu kama amependa, atasema amependa, hata kama umempa uji wa mchanga. Aliuliza, "Ulichoka wapi?" Na mtu anafikiri, anakuonyesha kwa kidole, hapa, karibu na mto. Kesho mto umehamishwa. Mimi, ninayeongea kuliko redio, niliumia. Nilikuwa nashika kipande cha mti nachonga ili mdomo upate kazi nyingine. Lakini mpaka leo mteja akija karakana yangu kutaka kiti, namketisha kwenye kiti, nanyamaza, natazama mkono wake unatafuta nini pembeni. Wenzangu wanadhani nina dawa. Dawa yangu ilikuwa msichana wa chumba cha saba.

Sasa, siku ambayo mimi na Wawira tunabishania. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa tano, mvua inapiga mabati. Mama alikuwa amevuka mto, fimbo yake imekwisha, na Mutwiri akatupa punje zote nyeusi. Sita. Akasukuma irimu njia nzima, akaruka juu, "Nimekula! Nimekula mtu mzima!" Mama aliinua kile kijiti chake cha nyanya, akakitazama, akakiweka mapajani. Hakusema neno. Baadaye akaanza kukusanya vikombe, na mukimo uliokuwa jikoni, ambao sote tuliunusa, haukutoka. Jumamosi iliyofuata akatuambia meza ina wageni wa kamati. Mimi nikajiambia, tumekwisha. Kijana amemla mzee mbele ya watu, tena akaruka. Kwetu mzee akinyamaza hivyo, haulizwi kwa nini, anaombwa msamaha kwa matendo. Basi nilifanya kitendo. Kabla ya mchezo uliofuata niliwakusanya Mutwiri na Makena na wengine pale kwenye korido, Wawira akiwa ndani anapanga ubao. Nikawaambia kwa sauti ya chini: "Sikieni. Mtu asimle Mama. Mutwiri, irimu likimkaribia, ligeuze, lifuate mwalimu."

"Na nikitupa sita?" Mutwiri akauliza.

"Ukitupa sita, hesabu tano."

"Hiyo ni uongo kwa nyumba ya mkristo, bana."

"Hiyo ni heshima. Unataka mukimo ama hutaki?"

Walitaka mukimo. Mama akashinda siku hiyo, na mukimo ukatoka, na kabichi, na nyama kidogo. Akashinda Jumapili. Akashinda Jumamosi. Nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu nachonga, nimefurahi kama mtu aliyeokoa nchi. Sikufikiria daftari. Wawira alikuwa anaandika: nyanya ameshinda. Nyanya ameshinda. Nyanya ana nguvu mno. Akamnyang'anya fimbo. Nyanya akashinda. Akafunga njia ya mkato. Nyanya akashinda. Akampunguzia hatua nusu, na nyanya, ambaye sasa alikuwa anatembea kama konokono kwenye lami, akashinda tena kwa sababu irimu lilikuwa limepotea njia mpaka kanisani. Wawira alikuwa anauma kalamu. "Sielewi," aliniambia kibandani. "Kuna kitu huyu nyanya anacho, na sikioni." Ningesema hapo. Nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili tu, na maranda yananuka vizuri. Nilimwambia, "Labda ni bahati yake, anasali sana."

Mwezi wa nane tukaenda Embu. Kiwanda cha Bwana Njeru kilikuwa chumba kirefu, wino umeingia mpaka kwenye sakafu, mashine moja kubwa nyeusi katikati na marobota ya karatasi mpaka dari. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi wa suruali yenye mikanda ya mabegani, kalamu sikioni, maneno machache. Akatukalisha kwenye robota la karatasi. "Wafanyakazi wangu watano watacheza saa ya chakula. Nyinyi wawili, midomo ifungwe. Wakimaliza waseme 'tena', tutaongea. Wasiposema 'tena', hatuna la kuongea." Wawira akaitikia kwa kichwa, mikono imelala juu ya daftari. Mwendesha mashine, kijana anayeitwa Ireri, akachagua nyanya kwa sababu alifanana na nyanyake. Akatembea hatua mbili, akaliwa. Akacheka, akarudi kwenye mandazi yake. Wakaanza upya, mwingine akachukua nyanya, akaliwa kabla ya mto.

"Kwani huyu mama ni wa nini?" Ireri akauliza na mdomo umejaa. "Ni nyama ya kuanzia?"

Niliona mambo yote yameharibika. Mimi nimewahi kuona watu wakikataa kazi yangu, lakini sijawahi kuona wafanyakazi wakirudi kazini kabla ya saa kwisha. Bwana Njeru aliinua irimu langu, akatazama kisogo chake kwa muda, akasema kwamba uchongaji huo ni wa hali ya juu, na ulikuwa wa hali ya juu, hilo lazima lisemwe. Kisha akamgeukia Wawira. "Binti yangu, una shimo katikati ya mchezo. Mtu mmoja kati ya watano anakuja kuliwa tu. Njoo mwezi wa kumi na moja, kabla sijaagiza karatasi ya mwaka mpya. Ukija na shimo hilo hilo, tuagane vizuri."

Wawira hakulia. Heri angelia. Jumapili aliingia sebuleni kwa Mama kabla ya chakula, tukiwa sote, akafungua daftari mezani. "Embu nyanya ameliwa mara mbili kwa dakika kumi," akasema. "Hapa, tangu ile siku ya mvua, ameshinda mara kumi na moja. Kumi na moja, bila kukosa. Punje ni zile zile, ubao ni ule ule. Nataka mtu aniambie." Makena akatazama kalenda. Mutwiri akanitazama mimi. Nikasema. Nilisema yote, korido, sita kuhesabiwa tano, mukimo. Nilifikiri nikiyaita heshima mara nyingi yatasikika vizuri zaidi. Wawira akasema, taratibu kabisa, "Kirimi, umeniibia miezi mitatu." Nimewahi kutukanwa na watu wenye bunduki, barabarani huko juu ya Maua. Haikuniingia hivyo.

Lakini aliyekasirika zaidi alikuwa Mama Karwitha. Alisimama na yale magoti yake. "Ngoja kwanza. Mimi nimekuwa nikishinda, nimeenda kwa kikao cha kina mama nikawaambia nimeshinda vijana wa chuo kikuu mara kumi na moja. Kumbe mlikuwa mnanihurumia?"

"Mama, ile siku ulinyamaza," nikasema. "Tuliona umekasirika."

"Nilinyamaza nikifikiria ningepita wapi! Nilifikiria juma zima! Nilikuwa nataka kumshika huyu," akamwonyesha Mutwiri, "na kamati ilikuwa kamati ya kweli, wewe fundi, waulize. Na mukimo siku hiyo uliungua, kwa sababu nilikuwa nafikiria. Toeni ubao. Leo nataka kuliwa."

Tukautoa ubao. Mara ya kwanza Mutwiri, masikini, akamla, akasema, "Pole, Mama." Mama akampiga kofi la begani. "Usinipe pole! Kula!" Mara ya pili akamla bila pole. Mara ya tatu akamla na akaruka kidogo, na Mama akapiga meza akicheka mpaka machozi, nami nikajua kwamba tangu mwezi wa tano tulikuwa tumemnyima mwanamke huyu kitu alichokitaka. Mara ya nne irimu likaja tena, na nyanya wake yuko mbali na kila mtu, hatua zake nusu, fimbo hakuna. Makena akamwambia, "Kimbia, Mama, pitia kanisani."

"Nikimbie na magoti haya? Mimi sijakimbia tangu nizae Karwitha. Irimu likija kwangu mimi sikimbii. Mimi napiga nduru."

Akapiga. Sisemi alisema neno nduru. Alipiga nduru yenyewe, ile ya vijijini, ya nyumba kuungua, mpaka kile kitambaa cha redio kikatikisika. Halafu tukasikia milango. Chumba cha tano, chumba cha nane, kibanda cha chapati ng'ambo ya barabara. Mwanafunzi mmoja aliingia na ufagio, mapovu ya sabuni masikioni. Jirani akaingia na panga. Mama wa chapati akaingia na ule mti wa kusukumia unga, nyuma yake watu watatu ambao sisi hatukuwajua kabisa. "Ni nini? Ni mwizi?" Mama Karwitha akiwa amekaa, ametulia kama picha, akasema, "Hakuna mwizi. Ni hili," akanyoosha kidole kwa mchongo wangu. Wakatukana kidogo kwa adabu, wakaona githeri, wakabaki.

Mimi nilikuwa nacheka. Kila mtu alikuwa anacheka. Nilipomgeukia Wawira, yeye hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa anatazama ule mlango uliojaa watu, na mafagio, na panga, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu kondoo wake, na kalamu ilikuwa inatembea bila yeye kuitazama. Aliandika mstari mmoja, akauzungushia duara: Nyanya hakimbii. Akipiga nduru, kila asikiaye aache njia yake aje, na watatu wakisimama pamoja irimu linarudi msituni. Mimi nimeona watu wakivumbua vitu, nimevumbua mwenyewe kitanda kinachokunjika ambacho wengine wanakiiga mpaka leo. Lakini kuona kitu kinaingia kichwani mwa mtu, chumbani, mbele yako, huku wengine wote wanadhani ni kichekesho, hilo nimeliona siku moja tu. Na sikumwomba msamaha kwa maneno. Nilimchongea nyanya mpya, mwenye mikono mdomoni, na hakunirudishia.

Wiki zilizobaki nilikatazwa korido. Mama Karwitha alikaa na mfuko wa punje mapajani kama polisi, na mtu akihesabu tano badala ya sita alimfinya. Aliliwa mara nyingi, akashinda mara chache, na kila mara aliyoshinda habari ilienda mpaka kanisani. Mwezi wa kumi na moja tukarudi Embu, safari hii watatu, kwa sababu Mama alikataa kuachwa. Alivaa kitambaa chake cha ibada kichwani, akakaa kati yetu kwenye robota la karatasi, mkoba mapajani, na Wawira akamnong'oneza sheria: hapana kusema neno. Wafanyakazi wakatukumbuka. Ireri akasogeza nyanya mbali naye. "Mimi huyu sitaki, huyu ni wa kuliwa." Wakapiga kura, nyanya akamwangukia msichana wa kukunja karatasi, mpole, jina lake Marigu, aliyesoma ule mstari wa nduru kwenye kadi ya nyanya akitikisa midomo. Mchezo ukaanza. Irimu likatoka msituni. Mchuuzi alikuwa karibu na nyumbani kabisa, mwalimu amevuka mto, na Marigu yuko nyuma peke yake, na irimu hatua nne kutoka kwake.

"Nduru," Marigu akasema.

"Hiyo ni nduru ama unakohoa?" Ireri, aliyekuwa mchuuzi, akamwambia. "Mimi sijasikia. Niko mlangoni kwangu, mimi naingia."

Nikahisi Mama Karwitha anavuta pumzi kando yangu, nikamshika mkono wa kushoto, Wawira akamshika wa kulia. Nami mwenyewe nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote tayari, jinsi ya kucheza, nani afanye nini. Wawira alinitazama juu ya kile kitambaa cha ibada. Nikafunga. Na Marigu, msichana ambaye nadhani hakuwa amepandisha sauti tangu aajiriwe, akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapiga nduru ya kusimamisha mashine.

Bwana Njeru alitoka ofisini mbio, kalamu imemwanguka. "Ni nani? Ni mkono umenaswa? Zima mashine!"

"Imezimwa, mzee," Ireri akasema, na hakuinua macho kutoka ubaoni. Alikuwa anarudisha mchuuzi wake kutoka mlangoni, kijia kwa kijia, akilalamika. "Hakuna aliyeumia. Ni nyanya ameita."

"Nyanya gani?"

"Huyu. Yeye hakimbii, anaita. Sasa ni lazima twende, tukifika watatu hili jitu linarudi. Mwalimu, wewe nawe songa, unangoja nini? Mzee, sogea kidogo, unatuzibia mwanga."

Mzee akasogea. Akaangalia saa yake, na saa ya chakula ilikuwa imepita zamani. Akaangalia mashine yake imesimama. Irimu lilirudi msituni, mchuuzi alikosa ushindi kwa hatua moja, akatukana, na kabla hajamaliza kutukana Marigu alikuwa ameshapanga vijiti vyote sokoni upya. Hakuna aliyesema 'tena'. Walikuwa tayari wanagombania punje. Bwana Njeru alimtazama Wawira, akamtazama Mama Karwitha, akanitazama mimi, kisha akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, akamsukuma Ireri kwa kiwiko.

"Nipeni huyo nyanya," akasema.